Mota Haijafa, Haijapimwa

Ukipeleka gari la haibridi kwa fundi wa Kachibora, Kitale, Webuye au Bungoma mjini, hukumu utakayopewa haibadiliki sana kutoka karakana moja hadi nyingine. Gari limekataa kusonga na pembetatu nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Fundi anachomeka kidude chake chini ya usukani, anatazama simu kwa dakika mbili, kisha anainua kichwa: "Mkubwa, hii mota imeenda. Tafuta giaboksi ya ex-Japan." Ukimuuliza amejuaje, mashine imesema. Ukimuuliza kama kuna njia nyingine, basi ni Nairobi.

Maneno hayo yamerudiwa hadi wanunuzi nao wanayakariri kabla hata hawajalipa amana: haibridi ni gari la lami, huku kwetu kwenye milima ya Cherangany na matope ya masika mota yake huungua, na ikishaungua hakuna wa kuitengeneza. Nimeyasikia kwa walimu, kwa wakulima wa mahindi na kwa madalali wa magari wanaotaka kukuuzia Probox. Nayapinga. Mota ndiyo kiungo kigumu kuliko vyote katika mfumo wa umeme wa gari hilo, na nyingi ya zile zinazozikwa hapa kwetu huzikwa bila mtu kuzipima.

Magari haya hayaji kwetu kwa anasa. Septemba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64, na mtu anayetoka Kachibora kwenda Kitale kila siku alijua kupiga hesabu. Toyota Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ilikuwa imeshazoeleka humu nchini, pamoja na Fit na Vezel za Honda, Axio na Fielder za haibridi, na sasa Note e-Power ya Nissan. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, haya yote yanafika yakiwa yametumika, na Aqua za mwanzo leo zina zaidi ya miaka kumi. Lazima yaugue. Tunachobishania ni nani anayejua ugonjwa uko wapi.

Hebu tuangalie mota yenyewe. Ndani ya giaboksi ya Aqua au Prius ziko mbili. Ya kwanza huwasha injini na kuzalisha umeme. Ndiyo maana ukitafuta stata kwenye gari hilo utatafuta hadi jioni. Ya pili husukuma magurudumu. Kila moja ni koili za shaba za fezi tatu zilizofungwa kwenye chuma, na katikati yake rota yenye sumaku za kudumu. Hakuna brashi wala komyuteta. Koili ziko ndani ya nyumba iliyofungwa, zinapozwa na mafuta, na zina sensa ya joto inayosomwa na kompyuta muda wote gari likiwa limewashwa. Beringi zinaweza kulia, na ganda la waya linaweza kuchoka likaanza kuvujisha umeme. Zaidi ya hapo hakuna mengi ya kuharibika.

Sasa angalia kilicho nje ya mota. Inveta hugeuza umeme wa betri kuwa fezi tatu, na kwenye Aqua hupandisha volti 144 za betri kubwa hadi volti 520. Pampu ndogo ya umeme huzungusha kulanti ya inveta, mbali kabisa na kulanti ya injini. Kuna rilei kubwa za kuunganisha betri, nyaya za rangi ya chungwa na plagi zake, feni ya betri, kompresa ya AC ambayo nayo hutumia umeme huohuo mkali, na kila kompyuta ya gari ikitegemea betri ndogo ya volti 12. Chochote kati ya hivyo kikilegea, gari husimama kama lililokufa mota. Hata betri ya volti 12 ya bei ya kawaida ikichoka, dashibodi inaweza kuwaka taa nyingi kwa pamoja na gari likakataa kusema "Ready". Nani basi aliyeamua mshukiwa wa kwanza awe yule aliyefichwa ndani kabisa?

Jibu la mafundi ni kwamba mashine ndiyo iliyoamua. Hapa ndipo penye kosa kubwa, na nitakaa hapa kidogo.

Mashine haijui kilichoharibika. Kompyuta ya gari hupima volti, mkondo, joto na mizunguko, na thamani ikitoka nje ya mipaka yake huandika msimbo. Maelezo ya Kiingereza yanayotokea kando ya msimbo ni jina la jaribio lililoshindwa. P0A90 hutajwa kuwa utendaji wa mota, na fundi akishaliona neno "motor" basi kesi imekwisha. Lakini kwenye Prius msimbo huo huja na nambari ya ziada ya tarakimu tatu, na baadhi ya nambari hizo huelekeza kwenye kiungo kati ya injini na giaboksi: shafti ya kuingilia, au ile damper inayoteleza kwa sababu injini yenyewe imekwama. Injini iliyoingiwa na maji kwenye silinda kwa gasketi mbovu inaweza kumletea mota lawama asizostahili. Vidude vya bei rahisi vinavyouzwa kila mji havisomi nambari ya ziada. Vinasoma kichwa cha habari tu, na fundi anahukumu kwa kichwa cha habari.

Msimbo ulioponza watu wengi zaidi ni P0AA6. Maana yake ni kwamba umeme wa volti kubwa unavuja kwenda kwenye bodi ya gari. Uvujaji huo ni hatari kweli, na kompyuta ina haki ya kukataa kuwasha. Ila msimbo hausemi unavujia wapi. Kwenye Toyota, nambari ya ziada ndiyo inayokwambia: 611 ni upande wa AC, 612 ni betri, 613 ni giaboksi na mota zake, 614 ni nyaya na vifaa vya umeme wa moja kwa moja. Kati ya nne hizo mota imo katika moja tu. Anayeng'oa giaboksi kwa P0AA6 bila kusoma nambari hiyo anacheza bahati nasibu, tena kwa pesa za mwenye gari.

Na huo upande wa AC si jambo la vitabuni. Kompresa ya umeme ya haibridi inahitaji mafuta yake maalumu yasiyopitisha umeme. Mwenye gari anapita kwa mjazaji gesi wa kando ya barabara, anajaziwa gesi pamoja na mafuta yaleyale yanayowekwa kwenye Corolla ya zamani, na AC inapoa vizuri. Wiki kadhaa baadaye umeme unaanza kuvuja kupitia koili za kompresa, gari linakataa kuwaka asubuhi, na hakuna anayekumbuka tena habari ya gesi. Giaboksi inabadilishwa. Gari linakataa tena. Sasa inasemekana giaboksi ya pili nayo ilikuwa mbovu, na mwenye gari anatafuta ya tatu. Fundi mwenye subira angechomoa plagi ya kompresa na kupima upya, akamaliza kazi kabla ya chai ya saa nne.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba ujuzi unaohitajika tunao tayari. Kila soko la Trans Nzoia na Bungoma lina posho mill, na zile zinazotumia stima husukumwa na mota ya fezi tatu. Ikinguruma bila kuzunguka, mwenye mashine huipeleka kwa fundi wa kusuka mota. Yule mzee, ambaye pengine hajawahi kushika kompyuta, hafungui koili kwanza. Anapima fezi na fezi kuona kama ziko sawa. Anapima kila fezi na bodi kwa kifaa cha mega kuona kama kuna uvujaji. Anauliza kama fezi moja ya Kenya Power ilikatika usiku. Akiridhika ndipo anasema imeungua, na akisema hivyo unaamini kwa sababu umeona sindano ikilala. Mota ya haibridi ni binamu wa ile. Tofauti zipo: rota ina sumaku, fezi zinatoka kwenye inveta badala ya nguzo, na kuna sensa iitwayo rizolva inayoieleza kompyuta rota iko wapi. Lakini vipimo vya msingi ni vilevile, na mtu wa kuvifundisha pengine yuko ng'ambo ya barabara kutoka karakana inayosema haviwezekani.

Nitaeleza kazi yenyewe ilivyo, ili isionekane uchawi. Fundi anazima gari na kuuweka ufunguo mbali, anakata betri ya volti 12, anavaa glavu za mpira za umeme baada ya kuzikunja na kuzisikiliza kama zinatoa hewa, kisha anachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake ili mtu asiirudishe kwa utundu. Anasubiri dakika 10 kapasita za inveta ziishiwe. Anapima kwenye vituo vya inveta kuhakikisha volti ni sifuri. Hapa hakuna kukisia. Ndipo anazifungua nyaya tatu za chungwa za mota. Mega inawekwa volti 500, mguu mmoja kwenye fezi na mwingine kwenye bodi ya giaboksi, na nambari inaandikwa. Mota nzima huonyesha megaomu nyingi, makumi au mamia. Inayovuja huporomoka. Mita ya kawaida haifai kwa kipimo hiki, maana inapima kwa volti chache tu na ganda la waya lililopasuka huweza kufaulu mtihani mdogo kama huo.

Haifai pia kupima ukinzani wa koili zenyewe. Ukinzani huo uko chini ya omu moja, na waya za mita yako zinaweza kuwa na ukinzani kama huo au kuuzidi. Fundi anayesema "nimepima koili kwa mita, ziko shoti" amepima waya zake. Asiye na kifaa cha miliomu ana njia nyingine kwa ile mota inayosukuma magurudumu: nyaya tatu zikiwa bado zimefunguliwa, gari linainuliwa mbele, msaidizi anashika gurudumu la upande mmoja lisizunguke, mwingine anazungusha la pili kwa mkono, kwa mwendo ulio sawa. Kwa kuwa rota ina sumaku, mota inazalisha volti kidogo za mkondo geu. Zikilingana kati ya fezi zote tatu, koili na sumaku ziko salama. Zikipungua sana katika jozi mbili, umempata mgonjwa. Rizolva nayo ni koili tatu ndogo zenye makumi ya omu hivi, na hiyo sasa mita ya kawaida inaipima bila shida. Plagi yake ikiingia maji, gari hutetemeka na kukataa kuondoka kana kwamba mota imekatika vipande.

Sijasema mota hazifi. Zinakufa. Mega ikisoma karibu na sifuri kwenye fezi baada ya nyaya kutenganishwa, mafuta ya giaboksi yakitoka meusi yakinuka kuungua, fezi zikitofautiana, hapo fundi aseme imekufa na mimi nitamsaidia kuibeba. Mafuta yasiyo sahihi pia huchangia: Toyota inataka aina ya WS kwa giaboksi hizi, na sababu mojawapo ni kwamba yanaogesha koili zenye umeme. Anayemimina mafuta yoyote ya ATF yaliyobaki kwenye debe anaitengenezea mota ugonjwa ambao awali haukuwepo.

Kuhusu milima, hoja ni kwamba kupanda kutoka Kachibora kuelekea Kapcherop kunaichosha mota hadi inaungua. Anayesema hivyo ameona jambo la kweli akalitafsiri vibaya. Gari lilipunguza nguvu katikati ya mlima, likaonyesha onyo, likapoa, likaendelea. Hiyo ilikuwa kompyuta ikipunguza mkondo ili kitu kisiungue, na kitu hicho mara nyingi ni inveta ambayo pampu yake imekufa au kulanti yake ina hewa tangu siku rejeta ilipobadilishwa. Novemba 2012 Toyota ilitangaza kuyaita magari yake duniani yarudishwe kurekebishwa, na kati ya makosa lilikuwemo la pampu hiyohiyo ya maji ya mfumo wa haibridi. Februari 2014 ikayaita tena magari milioni 1.9 ya Prius ya kizazi cha tatu: programu ya inveta iliziacha transista zipate joto kupita kiasi, gari likapoteza nguvu au kusimama. Dawa ilikuwa programu mpya. Fikiria ni mangapi kati ya magari hayo yangekuwa kwetu, na mangapi yangebadilishiwa giaboksi.

Vumbi nalo linashika mahali pengine kabisa. Feni ya betri huvuta hewa kutoka ndani ya gari, kwenye tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Ukibeba magunia ya mahindi kwenye kiti hicho wakati wa mavuno, tundu linaziba kwa makapi na betri inapata joto. Mwenye gari anaambiwa P0A80, ambayo maelezo yake yanamwamuru kabisa abadilishe betri, na kabla ya yote hakuna aliyefungua feni akaona kilichojaa ndani yake.

Honda ni ushahidi mwingine. Fit ya haibridi iliyotoka 2013 iliitwa na kampuni mara tano katika takriban mwaka mmoja, na shida kubwa ilihusu giaboksi ya klachi mbili na programu yake. Fit inayoruka ikiondoka ina sababu za kuanzia kwenye klachi. Hata RAV4 za haibridi huko Kanada na Marekani zilipokosa mota ya nyuma, kilichooza kilikuwa plagi ya waya wa volti kubwa iliyokuwa ikipigwa maji na chumvi ya barabarani. Sisi hatuna chumvi hiyo, ila tuna matope, na tuna vijana wa kuosha magari wanaoelekeza mashine ya maji moja kwa moja kwenye plagi ya chungwa.

Halafu kuna kwenda Nairobi, ushauri unaotolewa kana kwamba hauna gharama. Mara nyingi safari hiyo huanza kwa kamba nyuma ya pikapu au trekta, angalau hadi Kitale. Gari la haibridi halivutwi magurudumu ya mbele yakiwa chini. Rota ina sumaku: ikizungushwa inazalisha umeme upende usipende, na giaboksi haipati mafuta yake kama kawaida. Mota iliyoondoka Kachibora ikiwa nzima inaweza kufika ikiwa imeharibika kweli, na fundi wa huko akathibitisha kwa uaminifu kabisa kwamba imeungua. Ndivyo hukumu ya kwanza inavyojipatia ushahidi.

Nadhani chanzo cha haya yote ni namna tunavyolipa, na mafundi nisiwabebeshe peke yao. Mwenye gari wa kwetu hulipa spea bila kulalamika kwa sababu ameishika mkononi. Mwambie kupima kutachukua asubuhi nzima na kuna ada yake hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Atakuuliza sasa unanilipisha nini. Fundi hupata chake kwenye kufungua na kufunga, na pengine kwenye bei ya giaboksi aliyokuunganishia. Katika mpango kama huo, mota kuwa nzima ni hasara kwa kila mtu isipokuwa mwenye gari. Mega nzuri inagharimu chini sana ya giaboksi moja iliyotumika, lakini haitanunuliwa na karakana ambayo hakuna mteja anayelipia kuitumia.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili bila kusitasita: volti 144 za Aqua zinaua, na baada ya inveta ni zaidi ya mara tatu ya hizo. Kijana wa juakali mwenye bisibisi na ujasiri asiguse. Ila hiyo ni sababu ya kumfundisha na kumnunulia glavu, na Kitale National Polytechnic haiko mbali. Isitumike kama sababu ya kumruhusu ang'oe mota hizohizo kwa kubahatisha, jambo ambalo linamweka karibu na nyaya zilezile akiwa hajui zina nini.

Kwa hiyo utakapoambiwa mota imeenda, muulize fundi nambari ya ziada ya msimbo ni ipi. Muulize kompresa ya AC ilichomolewa kabla ya kupima au la. Muulize pampu ya inveta inazunguka, na betri ya volti 12 ina ngapi gari likiwa limezimwa. Kisha mwambie utalipia vipimo, hata kama gari litapona kwa plagi ya shilingi chache, mradi usomaji wa mega kwa fezi zote tatu uandikwe kwenye risiti kabla ya boliti ya kwanza ya giaboksi kulegezwa.